Msimu Ujao wa Mbio za Uvumilivu Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mbukwenyi! Tangu tuseme kwamba msimu unarudi, simu yangu haijatulia. Wengine ni wanafunzi wa UDOM, wengine watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao, na mmoja ni fundi wa pikipiki wa Nkuhungu aliyeniuliza maswali tisa kwa pumzi moja. Nimeyakusanya hapa ili kila mtu apate jibu lile lile.

Je, ni magari ya kweli?

Magari yako ndani ya kompyuta. Usukani, pedali na jasho ni vya kweli. Tunatumia programu ya Assetto Corsa Competizione, na magari ni ya daraja la GT3: Porsche 911, Ferrari 296, BMW M4 na wenzao, yaani magari yanayotokana na yale yanayouzwa dukani, yakaongezewa mabawa na breki za mashindano. Mashindano yanachukua kati ya saa 3 na saa 12, na gari moja huendeshwa na watu watatu kwa zamu.

Anayedhani huu ni mchezo wa watoto akumbuke mwaka 2020. Le Mans ya kweli, yaani mbio za magari za saa 24 zinazofanyika Ufaransa, iliposogezwa mbele hadi Septemba kwa sababu ya korona, waandaaji wake walifanya ya kompyuta tarehe 13 na 14 Juni, saa 24 kamili, na madereva wa kulipwa walishiriki.

Kwa nini tusikimbize magari yetu kwenye barabara ya mzunguko wa nje? Ni pana na ni mpya.

Swali hili naulizwa na vijana, na kila ninapolisikia nafsi yangu haitulii. Barabara ile ya kilomita 112.3 imejengwa ili malori yasipite katikati ya mji. Watoto wanaivuka kwenda shule, ng'ombe wanaivuka kwenda kunywa maji, na usiku kuna baiskeli isiyo na taa imebeba magunia ya mkaa. Uwanja wa mbio una kuta za tairi, waamuzi wenye bendera, zimamoto na daktari anayesubiri. Barabara ya umma haina hata kimoja.

Kanuni yetu ya kwanza inatoka hapo. Mwanachama akijulikana kushindana barabarani, kwa gari au kwa pikipiki, anaondoka siku hiyo hiyo na timu yake inatafuta mtu mwingine. Hatujadiliani. Chumba chetu cha kompyuta pale Kisasa tulikifungua, pamoja na sababu nyingine, ili mtu mwenye hamu ya kasi apate mahali pa kuimalizia bila kumzika mtu.

Naweza kukimbia peke yangu? Mimi nina kasi kuliko wote mtaani.

Hapana. Kila gari lina madereva watatu, na kila mmoja lazima aendeshe. Hata Le Mans dereva haruhusiwi kuzidisha saa 4 za kuendesha ndani ya saa 6 zozote, wala saa 14 kwa jumla. Kwetu, zamu moja haizidi dakika 65, kipimo tulichokichukua kwenye mbio za Saa 24 za Spa, Ubelgiji. Katika fainali ya saa 12, kila dereva aendeshe si chini ya saa 3 na si zaidi ya saa 5.

Nimeona timu zenye dereva hodari mmoja na wawili wa kujazia nafasi. Yule hodari anapata sekunde 30, wenzake wanazipoteza kwa mzunguko mmoja wa kugonga ukuta. Sasa hodari anakasirika, anaingia kwenye zamu yake na hasira, naye anagonga. Timu iliyoshinda msimu uliopita haikuwahi kuwa na mzunguko wenye kasi kuliko wote katika raundi hata moja. Walikuwa wakikabidhiana gari zima, basi.

Timu inapangwaje? Tukijikusanya watatu wakali itakubalika?

Haitakubalika. Shirikisho la magari la dunia, FIA, linawapanga madereva wa mbio hizi katika ngazi nne: Platinamu, Dhahabu, Fedha na Shaba. Katika daraja la LMGT3, lile la magari ya GT3 kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za uvumilivu, kila gari lazima liwe na dereva wa Shaba, yaani mtu ambaye mbio si kazi yake. Sisi tumechukua wazo hilo hilo. Siku ya majaribio kila mtu atazunguka uwanja wa Monza, wa Italia, mara 15 kwenye kompyuta, na kinachoangaliwa ni wastani wa mizunguko yote, siyo ule mmoja mzuri. Kila timu lazima iwe na Shaba mmoja.

Ndugu zangu wa Shaba, msione aibu. Ninyi ndio mtakaoamua msimu. Wakali wanatofautiana kwa nusu sekunde, wakati Shaba aliyejifunza vizuri anaweza kumwacha Shaba mwenzake sekunde tatu kila mzunguko. Nikiwa nahodha, muda wangu wote wa mazoezi ningempa yeye.

Kalenda imepangwaje, na kwa nini kuna pengo kubwa katikati?

Hili ndilo lililotuchukua jioni nyingi kuliko yote. Raundi ni tano, kila moja kwenye uwanja wa mbio uliomo ndani ya programu:

Monza, saa 3, mwishoni mwa Januari.
Suzuka, saa 4, katikati ya Machi.
Kyalami, saa 6, mwishoni mwa Julai.
Mount Panorama, saa 6, Septemba.
Spa, saa 12, usiku kucha, Oktoba.

Raundi mbili za mwanzo ni fupi kwa sababu ya mvua. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na radi ikianza kupiga tunachomoa kila kitu ukutani. Mbio za saa 3 unaweza kuziahirisha hadi kesho yake, lakini za saa 12 zikikatika zimekufa. Ramadhani nayo siku hizi inaangukia huko mwanzoni mwa mwaka. Ikikutana na raundi, tunaanza asubuhi saa 2, aliyefunga akiwa bado na nguvu, na futari inamkuta nyumbani kwake.

Aprili hadi Juni hakuna raundi. Huu ni mji wa Bunge, na hiyo ni miezi ya bajeti. Karibu nusu ya madereva wetu wako maofisini mpaka usiku wakiandaa majibu na majedwali, na wasio watumishi wana hoteli, teksi na migahawa ya kuhudumia wageni. Mwaka mmoja tuliweka raundi Mei, na magari matatu yakakosa watu. Mwenye kosa hapo alikuwa mpangaji, na mpangaji nilikuwa mimi.

Julai tunasubiri Sabasaba ipite na kukaa mbali na Nanenane, maana viwanja vya Nzuguni vinajaza mji mzima. Septemba tunawauliza kwanza wenye mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi tarehe zao, kwa kuwa zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Zabibu haingoji mbio. Oktoba kuna sikukuu ya Nyerere tarehe 14, na mapumziko hayo tunayatumia kwa fainali kila kalenda inaporuhusu, ili mtu alale kabla ya kurudi kazini.

Kyalami nimeipigania mwenyewe. Ni uwanja wa Afrika Kusini, karibu na Johannesburg, na mbio zake za saa 9 zilirudishwa mwaka 2019. Nilitaka tuwe na raundi moja ya bara letu.

Ratiba inatumia saa za Kiswahili au saa za kompyuta?

Za Kiswahili, na pembeni tunaandika za kompyuta. "Saa 3 usiku (21:00)." Msimu uliopita mtu aliona 09:00 akaja usiku.

Nitajuaje niweke mafuta kiasi gani?

Hapa ndipo mbio hizi zinaponinogea, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Chukua Monza ya saa 3. Tuseme gari lako linazunguka kwa dakika 1 na sekunde 50, na linakula lita 3 kila mzunguko. Saa 3 ni sekunde 10,800. Tenga vituo viwili vya kuweka mafuta na kubadilishana dereva, kila kimoja kikikupotezea kama dakika moja, zinabaki sekunde 10,680. Gawa kwa 110 unapata mizunguko 97 na kidogo, na ule ulioanza lazima umaliziwe, kwa hiyo andika 98. Wagawie madereva watatu: 33, 33 na 32. Mizunguko 33 inachukua dakika 60 na nusu, uko ndani ya kikomo cha dakika 65.

Sasa mafuta. Mizunguko 33 ni lita 99. Zamu ya kwanza ongeza lita 3 za mzunguko wa kujipanga kabla ya kuanza na lita 2 za tahadhari, jumla 104. Tangi linaingia lita 120, na wageni wote hulijaza mpaka juu. Usifanye hivyo. Mafuta ni uzito, uzito unachosha tairi na kurefusha breki, na kikomo chako hapa ni muda wa dereva, siyo ukubwa wa tangi. Kwa dakika 65 huwezi kuzidi mizunguko 35 hata ukitaka.

Lakini hesabu hiyo ni ya siku kavu isiyo na ajali. Mvua ya kwenye kompyuta ikinyesha, muda wa mzunguko unarefuka, mizunguko inapungua na matumizi ya mafuta yanashuka. Ndiyo maana nataka kila timu iwe na mtu wa nne asiyeendesha, mwenye daftari na kalamu, anayepiga hesabu upya kila baada ya mizunguko 10. Msimu uliopita kazi hii kwenye timu mojawapo aliifanya mama mwenye duka la vipuri pale Majengo, na hawakuishiwa mafuta hata mara moja.

Umeme ukikatika je?

Ulikatika. Fainali ya msimu uliopita, zikiwa zimebaki dakika 40, chumba kizima kikawa giza. Hatukuwa na kanuni. Tulibishana mpaka alfajiri nani alikuwa mbele, na timu mbili ziliondoka bila kuagana na wenzao. Iliniuma kuliko kushindwa kokote, kwa sababu wale watu walikuwa wameendesha vizuri usiku mzima.

Sasa kanuni ipo. Kila kompyuta, pamoja na seva na kisambaza mtandao, imefungwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, inayoshika dakika chache, za kutosha kuwasha jenereta. Umeme wa ukutani ukikatika, mwamuzi anatangaza bendera ya njano kwa wote: hakuna kupita, kila mtu apunguze mwendo. Jenereta likikataa kuwaka, ni bendera nyekundu. Saa inasimama, na tukirudi tunaanza kwa mpangilio wa mzunguko wa mwisho uliokamilishwa na magari yote. Zikiwa zimekwisha robo tatu za muda na umeme haujarudi ndani ya saa 1, matokeo ni hayo hayo na pointi zinatolewa zote. Petroli ya jenereta inanunuliwa Ijumaa, na watu wawili wanasaini kwamba wameiona.

Naweza kushiriki kutoka nyumbani kwa bando?

Mazoezi, ndiyo. Raundi, hapana. Wote tunakutana chumba kimoja Kisasa na kompyuta zinaunganishwa kwa nyaya. Mtandao ukisuasua kwa nusu sekunde, gari lako linaruka kwenye kioo cha mwenzako na kumgonga bila wewe kujua. Januari 2023, bingwa wa Formula 1 Max Verstappen alikuwa anaongoza Le Mans ya kompyuta alipotupwa nje ya seva, na timu yake ikaishia kujitoa. Likiwakuta wenye kila nyenzo, sisi tusijidanganye.

Sina usukani. Sijui hata kuendesha gari.

Njoo hivyo hivyo. Sukani na pedali ziko chumbani, na leseni haihitajiki. Asiyewahi kuendesha ana faida moja: hana mazoea mabaya ya kufuta. Mchango ni shilingi 15,000 kwa dereva kwa kila raundi, na unakwenda kwenye petroli, chakula na matengenezo. Kati ya Juni na Agosti upepo wa Dodoma huingiza vumbi hata mlango ukifungwa, kwa hiyo kila raundi inatanguliwa na siku ya kufungua kompyuta na kuzipuliza. Mwanafunzi akija kufanya kazi hiyo, hatoi mchango.

Wasichana wanaruhusiwa?

Wapo tangu msimu wa kwanza. Novemba 2023, Iron Dames, gari la madereva wanawake watupu, Sarah Bovy, Michelle Gatting na Rahel Frey, lilishinda daraja lake katika Saa 8 za Bahrain kwenye ubingwa wa dunia. Ile fainali ya usiku, atakayetaka kuja na dada au mama yake aje naye. Kuna kiti na kuna chakula.

Magari hayalingani. Nani atachagua nini?

Programu inayasawazisha kama mashindano ya kweli yanavyofanya: lenye nguvu sana huongezewa uzito au hupunguziwa nguvu. Utachagua gari moja na kubaki nalo msimu wote. Wageni nawashauri wachukue lenye injini katikati au mbele kabla ya kuijaribu Porsche, ambayo injini yake iko nyuma na inataka mguu wenye adabu kwenye breki.

Pointi zinahesabiwaje?

Kama ubingwa wa dunia: mshindi 25, kisha 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1, pamoja na pointi 1 ya kuanza mbele. Fainali inatumia kipimo chao cha mbio za saa 8 hadi 10, yaani 38, 27, 23 na kuendelea. Le Mans wanatoa 50 kwa mshindi. Baadhi yenu mlitaka tuige hilo, nikakataa. Timu iliyojituma tangu Januari isipoteze kila kitu kwa usiku mmoja.

Tutaangalia Le Mans pamoja?

Ndiyo, Juni, na hilo ndilo tukio letu pekee katika ile miezi ya bajeti. Mwaka 2024 bajeti ilisomwa Alhamisi tarehe 13 Juni na Le Mans ikaanza Jumamosi tarehe 15. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 12 na 14. Watumishi wetu walikuja macho mekundu, lakini walikuja.

Huanza saa 10 jioni ya Ufaransa, ambayo ni saa 11 jioni kwetu, na kuisha saa ile ile Jumapili. Kwao mwezi huo jua huzama karibu saa 4 usiku, kwetu ikiwa saa 5, kwa hiyo usituone tumekaa gizani Kisasa ukadhani gari za kwenye kioo ziko nchi isiyo na usiku. Kipande cha kuangalia kwa makini ni kuanzia saa 8 usiku hadi saa 1 asubuhi. Mzunguko wa pale ni kilomita 13.626, sehemu kubwa ikiwa barabara za kawaida za umma zinazofungwa kwa ajili ya mbio, na makosa ya uchovu hutokea hapo. Anayejiandaa kwa fainali yetu ya Oktoba aje na daftari.

Ni kweli magari yale yanatumia mafuta ya mvinyo?

Ni kweli kabisa, na swali hili linanifurahisha kwa kuwa limeulizwa Dodoma. Tangu mwaka 2022, ubingwa wa dunia unatumia mafuta ya TotalEnergies yanayotengenezwa kutokana na mabaki ya viwanda vya mvinyo vya Ufaransa: machicha ya zabibu zilizokamuliwa na mashapo yanayobaki chini ya mapipa. Mabaki hayo huchachushwa na kukenekwa kuwa ethanoli. Mtu wa Mpunguzi aliyezoea kuyaona machicha yakitupwa ayatazame tena.

Gari likiharibika sana, si bora tujitoe tukalale?

Tafadhali msijitoe. Ili gari lihesabike kwetu, kama Le Mans, lazima liwe limekamilisha asilimia 70 ya umbali wa mshindi na livuke mstari wa mwisho. Lililohesabika linapata pointi hata likiwa la mwisho kati ya kumi.

Mwaka 2016, Toyota namba 5 ilikuwa inaongoza Le Mans, Kazuki Nakajima akiwa kwenye usukani, ikapoteza nguvu zikiwa zimebaki dakika chache. Aliikokota mpaka ikavuka mstari, lakini mzunguko wake wa mwisho ulizidi muda unaoruhusiwa na gari halikuhesabika hata kidogo. Porsche namba 2 ikashinda. Nakajima alirudi akashinda mwaka 2018. Kwa sababu yake, kanuni yetu haina kikomo cha muda kwa mzunguko wa mwisho. Gari lenye tairi tatu likifika, limefika. Mtu wa daftari atabaki mezani mpaka gari la mwisho livuke, na chai haiondolewi.

Mwisho wa kujiandikisha ni lini, na siku ya majaribio nije na nini?

Jumamosi ya pili ya Januari, saa 4 asubuhi (10:00), Kisasa. Vaa viatu vyenye soli nyembamba, maana kwa soli nene huisikii pedali ya breki. Njoo na chupa ya maji, na kama tayari una wenzako wawili, njooni pamoja. Usiye na timu tutakutafutia, na ukiwa wa Shaba hutasubiri muda mrefu.